Kodi ya miezi sita kwa mkupuo: iwekewe ukomo kisheria au tuachiane wenyewe?

Mleta mada, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila kutukanana, maana humu wapo wapangaji na wapo wenye nyumba.

Mdogo wangu kapata kazi ya duka Kariakoo, mshahara laki tatu na nusu. Tukaingia kutafuta chumba: Tabata Bima, Segerea, Kinyerezi, mpaka Buguruni Malapa. Chumba kimoja, choo cha kuchangia, elfu themanini kwa mwezi. Kwa mshahara ule anakimudu. Lakini kila tulipogonga tuliambiwa miezi sita, tena kwa mkupuo. Hiyo ni laki nne na themanini. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, inakuwa laki tano na sitini, na bado hajanunua godoro wala ndoo. Sijahesabu elfu kumi kumi tulizowapa madalali watatu za kuonyeshwa vyumba, na viwili kati ya vyumba hivyo tulikuta vimeshapata mtu.

Mwisho alikopa. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, rejesho kila Ijumaa. Kwa hiyo mtoto ambaye angelipa chumba chake mwezi kwa mwezi bila kumsumbua mtu, ameanza maisha akiwa mdaiwa, na sababu ni utaratibu tu wa kulipa. Kodi yenyewe haikuwa kubwa kwake.

Mshahara unaingia kwa mwezi. Kwa nini kodi idaiwe kwa nusu mwaka? Msimamo wangu: sheria iweke ukomo wa miezi mitatu, asiyetaka asipangishe.

Mama mwenye nyumba, Mbagala Charambe

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na mdogo wako nimemwonea huruma. Sasa nisikilize na mimi.

Nyumba yangu ina vyumba sita. Tumeijenga miaka kumi na moja na marehemu mume wangu. Mwaka juzi nilimpokea kijana kwa kulipa mwezi mmoja mmoja, kwa huruma hiyohiyo unayoitaka. Miezi miwili akalipa vizuri. Wa tatu akasema mshahara umechelewa. Wa nne akawa anarudi saa sita usiku na kutoka alfajiri kabla sijaamka kuswali. Wa tano nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akatupeleka serikali ya mtaa, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti kwamba atalipa kidogo kidogo. Jumapili moja naamka, mlango umerudishiwa tu. Nasukuma, ndani kuna pazia na sufuria iliyotoboka. Deni la kodi miezi mitatu, na fungu lake la bili ya maji wakalilipa wenzake.

Nimfuate wapi? Namba ya simu haipatikani, na jina alilonipa sijui kama ni lake.

Kodi ya mkupuo ndiyo iliyoezeka vyumba vyangu viwili vya nyuma. Benki waliniambia nilete hati, nami nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Sasa ukisema asiyetaka asipangishe, mjane kama mimi unamwambia akale wapi?

Mpangaji, Kimara

Mama, pole sana kwa hilo. Ila mzigo wa mpangaji hauishii kwenye mkupuo.

Hapa ninapokaa tupo vyumba saba, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Daftari limefungwa kamba pale koridoni karibu na swichi. Mwenye friji elfu kumi na tano, mwenye tivi na feni elfu nane, mwenye taa tu elfu tatu. Mwaka jana lilizuka gomvi: dada wa chumba cha tatu alikuwa anachemshia maji ya mtoto kwa hita usiku, na kwenye daftari kaandikwa taa tu. Watu hawakusalimiana miezi miwili. Mwenye nyumba anakaa Goba, ukimpigia anasema malizaneni wenyewe.

Halafu kuna kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Anayekatwa ni yule ambaye zamu yake ya kununua umeme imeangukia mwanzo wa mwezi. Nilimwomba baba mwenye nyumba tuipunguze kwenye pango, elfu kumi na nane kwa mwaka. Alikubali kwa mdomo. Siku ya kulipa alitaka yake yote.

Ukishatoa miezi sita mbele, hata kauli huna. Paa linavuja, unamwambia, anajibu kama umechoka hama. Nihame vipi na hela yangu anayo yeye?

Dalali, Sinza

Nami nijibu, maana tumetajwa. Mwezi mmoja wa udalali ndio mshahara wangu. Kuna wiki nazunguka na wateja kumi, hakuna anayechukua, na bodaboda nimelipa mimi. Wale wanaoonyesha chumba kilichojaa ili wale elfu kumi yako ni wezi, na sisi wanatuharibia. Serikali itusajili, kila dalali awe na kitambulisho na ofisi inayojulikana mtaani. Nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Mwanasheria, Kinondoni

Niwape hali ya sheria ilivyo, kisha mwendelee.

Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya pande mbili, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa hiyo ndugu wa Tabata, anayekudai miezi sita havunji sheria.

Lakini wapangaji wengi hawajui kwamba Sheria ya Ardhi inaingiza masharti kwenye upangaji hata kama mkataba umekaa kimya. Mpangaji anayelipa kodi ana haki ya kukaa kwa amani, bila kuingiliwa. Na pale unapopanga sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za kuchangia ni jukumu la mwenye nyumba kuzitunza. Ndugu wa Kimara, jibu la "hama" halina msingi. Mwandikie barua, baki na nakala. Kwa wanaolipa mwezi kwa mwezi bila muda maalumu, notisi isipungue mwezi. Kubadilisha kitasa na kutupa vyombo nje ni ubabe tu, hata kama mpangaji anadaiwa.

Mkataba ukatieni ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka. Nimeona watu wanafika na karatasi nzuri, mashahidi wawili, muhuri wa mtaa, halafu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini.

Mama wa Charambe yuko sahihi kwenye jambo moja kubwa. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku thelathini, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna tarehe juu ya tarehe. Mwenye vyumba sita vya elfu sitini hawezi kumfukuzia mtu deni la laki na themanini kwa njia hiyo. Akidai kodi mbele, anajilinda kwa silaha pekee aliyonayo.

Mzee, Ilala

Wanangu, mimi nimepanga mji huu tangu enzi za Msajili wa Majumba, zile nyumba zilizotaifishwa mwaka 1971. Udhibiti wa kodi nimeuishi. Kodi kwenye karatasi ilikuwa ndogo kweli, lakini chumba hupati mpaka utoe kilemba. Kilemba hakina risiti. Unampa anayetoka, au unampa mwenye mamlaka, ndipo unakabidhiwa ufunguo. Na kwa kuwa kodi haikutosha hata kununua rangi, majumba yakachakaa mpaka ngazi zikawa hazipandiki.

Siwaambii msitunge sheria. Nasema mkiweka ukomo wa miezi mitatu na chumba bado ni cha kugombaniwa, ile mitatu mingine italipwa pembeni, tena bila maandishi. Huyo mdogo wako akidhulumiwa hapo ataonyesha nini?

Mleta mada, Tabata

Shikamoo mzee wetu. Hilo la kilemba limenigusa, sikuwa nimelifikiria. Na mama wa Charambe, nisamehe kwa lile neno la "asiyetaka asipangishe". Lilikuwa kali.

Narekebisha hoja yangu. Ukomo wa miezi mitatu ubaki, ila uje na dhamana ya mwezi mmoja inayoandikwa kwenye mkataba na kurudishwa mpangaji anapotoka salama. Nairobi watu wanalipa mwezi kwa mwezi na kuweka dhamana ya namna hiyo, na nyumba zinapangishwa. Pili, madeni madogo ya pango yapewe njia fupi, Baraza la Kata lirudishiwe meno kwa kiasi fulani cha fedha na siku maalumu za kumaliza. Mtu akikimbia, deni limfuate kwa namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Tatu, risiti au muamala wa simu kwa kila shilingi, ili kilemba kisipate pa kujificha.

Mama, kwa masharti hayo ungekubali mitatu?

Mama mwenye nyumba, Mbagala Charambe

Nimeshakusamehe, mwanangu.

Vyumba vya mbele ningekubali hata kesho, mitatu na dhamana ya mwezi, mradi niione namba ya NIDA na barua ya mtaa alikotoka. Viwili vya nyuma siwezi. Hela ya vile naipokea Januari yote kwa pamoja, ndiyo ada na sare za wajukuu wawili, na shule hainipokei kwa mwezi mwezi. Hapo sheria ikinibana utakuwa umemwokoa mdogo wako, na mimi ndiye nitakayekwenda kwa hao wa kausha damu.