Nyama ya kupika polepole: karoti ngumu, mchuzi maji

Muulizaji, Minneapolis
Ndugu zangu, nilitia kilo 1.5 ya nyama ya paja katika sufuria ya umeme ya kupikia polepole, nikaweka viazi na karoti juu yake, nikamimina vikombe 4 vya maji na kuiacha kwa muda wa saa 8. Nyama imetoka kavu, karoti bado zinalia mdomoni, na mchuzi ni maji matupu. Nimekosea wapi?

Mama Nasra
Pole sana, dada. Paja halina mafuta ya kutosha. Tafuta nyama ya bega, ambayo kano zake huyeyuka taratibu na kuupa mchuzi uzito. Katika chombo hiki mboga za mizizi huchelewa kuiva kuliko nyama, kwa hiyo zitandaze chini, karibu na moto. Maji kikombe 1 kinatosha, kwa kuwa mvuke hauna pa kutokea.

Mpishi wa Zamu
Naongeza kwamba nyama ikaangwe kwanza pande zote mpaka iwe ya kahawia, kisha vitunguu na nyanya vikaangwe katika mafuta yaleyale. Wala usifunuefunue mfuniko (mimi mwenyewe harufu hunishinda), maana joto linalotoka huchukua muda mrefu kurudi.

Muulizaji
Ahsanteni. Je, naweza kuitia ikiwa imeganda?

Mama Nasra
Hapana, iyeyushe kwanza ndani ya jokofu. Ikiwa imeganda, hukaa muda mrefu mno katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda.