Mafundi na wauza asidi, acheni kutung'olea masinki ya choo ambayo hayajaharibika!

Wakuu, hili jambo sasa limezidi. Nyumba yoyote ya pwani inayotumia maji ya kisima, habari ni ile ile. Sinki la choo limeota ukoko wa njano au kahawia pale maji yanapotuama, mistari imeshuka kutoka mdomoni, flashi imekuwa legelege. Anaitwa fundi. Fundi anachungulia, anatikisa kichwa, anatoa hukumu: "Hili limeshakufa bosi, tubadilishe." Akikuonea huruma sana, anatoa kidumu cha asidi kisicho na lebo na kumwaga nusu yake humo ndani huku familia nzima inakohoa.

Halafu sinki jipya linafungwa chini ya tanki lile lile linalovuja. Baada ya miezi kadhaa ukoko huo umerudi, na fundi naye anarudi. Biashara gani hii?

Ule sio uchafu, na kigae cha sinki hakijafa. Ni chokaa. Maji ya chini ya ardhi hubeba kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kwa msaada wa hewa ya ukaa. Yakifika juu hewa hiyo inapotea, maji yanakauka kidogo kidogo ukingoni, chokaa inabaki imeganda. Unguja na Mombasa, ambako visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, usitegemee vinginevyo. Dodoma nako, mwenye birika anajua. Kwenye choo kuna nyongeza: bakteria huvunja mkojo kuwa amonia, na hapo kalsiamu na fosfeti zinaganda kwa kasi zaidi. Ndiyo maana ukoko mgumu kuliko wote uko kule kwenye kona ya mtego (ile njia iliyopinda chini ya sinki inayobaki na maji) ambako brashi haifiki, na ndiyo maana harufu haiishi hata umwage dawa gani.

Sasa nije kwenye hasira yangu hasa: TANKI LA FLASHI. Hakuna fundi anayelifungua! Maji yanayotumika kuflashi yanapita sekunde chache tu na kuondoka, hayo si tatizo kubwa. Tatizo ni ule uzi mwembamba wa maji unaoteleza mgongoni mwa sinki usiku na mchana. Piga hesabu. Uvujaji wa lita 5 kwa saa, ambao huusikii wala huuoni vizuri, ni lita 120 kwa siku. Maji yenye ugumu (yaani kalsiamu na magnesiamu, zikihesabiwa kama chokaa) wa miligramu 300 kwa lita (kuanzia 180 yanahesabiwa magumu sana) yatakuwa yamepitisha gramu 36 za chokaa juu ya sehemu ile ile, kila siku. Inayoganda ni sehemu ndogo tu, lakini inaganda hapo hapo, na haipumziki.

Kupima ni bure. Weka matone ya rangi ya keki ndani ya tanki, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana sinkini, tanki linavuja. Huna rangi? Pangusa mgongo wa sinki ukauke, bandika karatasi ya chooni, subiri. Ikilowa, umepata jibu.

Likivuja, funga koki ya pembeni, flashi maji yaishe, toa mtambo wa flashi (mingi inazungushwa robo mzunguko tu inatoka) na uangalie raba ya chini. Mara nyingi haijachanika. Imekaliwa na punje za chokaa, au kiti chake cha plastiki kimeota ukoko, basi haikai sawa. Loweka raba kwenye maji ya ndimu ya unga, sugua kiti kwa kitambaa, rudisha. Raba ikiwa ngumu au imevimba, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote humo ndani. Angalia pia floti: maji yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Yakipanda zaidi, yanamwagikia sinkini kupitia humo na utalaumu raba bure. Floti isiyofunga vizuri nayo kawaida ina kichujio kidogo pale maji yanapoingilia, kimejaa mchanga na chokaa. Kitoe, ukiloweke saa moja kwenye maji hayo hayo ya ndimu.

Na wale wa vidonge vya bluu ndani ya tanki, jamani! Vyenye klorini vinakausha na kupasua raba, yaani unanunua uvujaji kwa hela yako. Visivyo na klorini vinapaka rangi tu, na rangi yenyewe inaficha mistari usione tatizo likianza.

Sasa asidi. Anayekumwagia asidi ya betri hajui anachofanya. Ile ni salfyuriki. Ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, na jasi haiyeyuki kirahisi, inafunika ukoko kama plasta na kazi inaishia juu juu. Unaona mapovu dakika mbili, unadhani imefanya kazi. Tena ukiichanganya na maji inachemka na kuruka machoni. Asidi ya hidrokloriki inayeyusha kweli, hilo sikatai, na dawa nyingi za choo za chupa zina hiyo hiyo iliyopunguzwa. Ila ile kali ya kidumu mvuke wake unakula bawaba, koki na kila chuma kilichomo bafuni, inalegeza saruji katikati ya vigae, na ikifika kwenye chemba na shimo inakula plasta ya ndani. Hapo unahama kutoka ukoko wa choo kwenda kwenye shimo linalobomoka.

Jiki HAIONDOI chokaa. Inaupausha ukoko, unakuwa mweupe, wewe unashangilia, ukoko uko palepale. Na ole wako mwaga jiki halafu uongeze asidi au dawa ya choo juu yake: inatoka gesi ya klorini, na choo chenyewe hakina dirisha la maana. Siku ya jiki iwe ya jiki, na maji mengi yapite katikati.

Kinachofanya kazi kinauzwa kwenye maduka ya viungo: ndimu ya unga, ile ile ya urojo na mihogo ya kukaanga. Gramu 100 za ukoko zinahitaji gramu 130 hadi 140 za ndimu ya unga. Siki ya asilimia 5 nayo inafaa, lakini lita nzima inayeyusha kama gramu 40 tu, na wengi wanaimimina juu ya lita mbili za maji zilizomo kwenye mtego, inabaki harufu ya kachumbari. Kwa hiyo maji yatoke kwanza! Sukuma kwa brashi, malizia kuchota kwa kopo na sponji, ukiwa na glovu. Kisha changanya gramu 100 kwa lita moja ya maji ya kawaida, mimina hadi ifunike ukoko, acha usiku kucha. Usitumie maji yanayochemka: yanaweza kupasua sinki, na joto hufanya sitreti ya kalsiamu (kinachotokea ndimu ikikutana na chokaa) ishuke kama tope jeupe na kukaa juu ya ukoko. Asubuhi sugua kwa brashi ya plastiki, flashi, rudia ikibidi. Ukoko wa miaka hautoki kwa usiku mmoja, anayekuahidi hivyo ana kidumu mgongoni.

Chini ya mdomo wa sinki maji ya ndimu hayashiki, yanateleza. Lowesha karatasi ya chooni kwenye mchanganyiko huo, ipachike chini ya mdomo pote, iache saa kadhaa, kisha zibua matundu ya kutolea maji yaliyo humo chini kwa waya uliovikwa plastiki. Matundu yakizibuka flashi inapata nguvu yake, bila sinki jipya. Steelwire ya sufuria usiiguse kabisa. Mikwaruzo yake ndiyo mahali ukoko mpya unaposhika kwanza.

Likishakuwa safi na tanki halivuji, vijiko vitatu vya ndimu ya unga usiku mmoja kwa wiki, maji yakiwa yamepunguzwa, vinatosha. Tanki lenyewe mara moja kila miezi mitatu: gramu 100 ndani ya lita mbili, sugua kuta, subiri saa moja, flashi.

NYONGEZA: naona wadau mnauliza.

Kijana aliyekuja na kipimo cha TDS akasema "maji yako ni magumu, 900" amekupima chumvi zote kwa pamoja. Maji ya pwani yanaweza kufika huko kwa chumvi ya kawaida ya mezani, ambayo haioti ukoko bali inakula nati na boliti. Ugumu hupimwa peke yake maabara au kwa vikaratasi vyake.

Sumaku ya kufunga kwenye bomba: pima ugumu kabla na baada, kalsiamu ni ile ile. Mashine ya resini ya kulainisha maji, ile inayosafishwa kwa chumvi, inaondoa kalsiamu kweli, ila kuifunga kwa ajili ya choo peke yake ni kutupa hela na chumvi. Maji ya mvua ni laini, kama una simtanki la ziada lielekeze choo humo wakati wa masika.

Mnaoflashi kwa maji ya kufulia: sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu inatoa utando wa kijivu unaonata, na chokaa inajishika humo. Mwagieni maji ya suuza ya mwisho.

Choo cha kuchuchumaa: utaratibu ni ule ule, isipokuwa mkosaji mara nyingi ni koki ya ukutani inayodondosha matone kwenye bakuli. Badilisha washa ya koki kwanza, halafu ndiyo uhangaike na ndimu.