Tupeane uzoefu: kuzidisha na kurahisisha sehemu, wazazi na walimu wa Tanga

Mwalimu wa Ngamiani
Wadau, kuzidisha sehemu watoto wengi wanakuweza. Wanakwama kwenye kurahisisha. Wafundisheni kukata, yaani kugawa namba ya juu na ya chini kwa namba ileile, kabla ya kuzidisha. Shamba la ekari 3¾ kule Muheza, theluthi mbili yake ni michungwa. Geuza 3¾ iwe sehemu guni (juu kubwa kuliko chini): 15/4. Sasa 15/4 × 2/3. Gawa 15 na 3 kwa 3, zinabaki 5 na 1. Gawa 2 na 4 kwa 2, zinabaki 1 na 2. Jibu 5/2, yaani ekari 2½. Asiyekata anafika 30/12, anagawa kwa 2, anapata 15/6 na kuweka kalamu chini. Bado 3 inaingia kote!

Mama Chumbageni
Shikamoo mwalimu. Kwa anayeanza, tumia mchele. Pishi ni vibaba 4. Robo tatu ya pishi ni vibaba 3. Theluthi mbili ya hivyo ni vibaba 2, nusu pishi. Akishaona hivyo, 2/3 × 3/4 = 1/2 haimshangazi, wala haulizi kwa nini jibu limepungua.

Mdau wa Pangani
Kosa sugu ni namba mchanganyiko. 2½ × 1⅓: mtoto anazidisha 2 kwa 1, kisha ½ kwa ⅓, anaandika 2 1/6. Ameacha 2 × ⅓ na ½ × 1, ambazo jumla yake ni 1 1/6. Jibu sahihi ni 5/2 × 4/3 = 10/3 = 3⅓.
Na kukata ni kiasi (namba ya juu) kimoja na asili (namba ya chini) moja. Kiasi kwa kiasi hapana. Penye alama ya kujumlisha pia hapana: (4+3)/4 si 3.

Mama Chumbageni
Na 91/143 je? Mbili, tatu, tano, zote zinagoma.

Mwalimu wa Ngamiani
Marahaba mama. Hapo tafuta KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika, namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki) kwa kutoa, kila mara ndogo kwenye kubwa: 143 − 91 = 52; 91 − 52 = 39; 52 − 39 = 13. 39 inagawanyika kwa 13 bila baki, basi KKS ni 13. Gawa juu na chini: 7/11. Ukitoa mpaka ukabaki na 1, sehemu hiyo hairahisishiki tena.