Nimenyang'anywa maiki kwa sababu ya neno HEMERA. Huyu mtu atatumaliza!

Wakuu, mikono bado inanitetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Nimetoka kwenye ile semina sasa hivi, hata viatu sijavua. Sitamtaja. Mnamjua. Yule yule wa suti tatu kwa siku moja, anayesema "kwa Kigiriki cha asili" hata akiomba maji ya kunywa.

Kaja na somo la Mwanzo 1. Neno ni hemera, yaani "siku" kwa Kigiriki, anasema, hemera ni saa 24, popote lilipoandikwa ni saa 24, na anayesema vingine ametumwa. Watu amina, amina, mpaka turubai linatikisika. Nikanyoosha mkono, nikapewa maiki. Nikauliza kwa heshima zote: "Mwalimu, na Yohana 11:9 je? Yesu anauliza, saa za mchana si kumi na mbili? Huo mchana kwa Kigiriki ni hemera hiyo hiyo. Sasa zile kumi na mbili nyingine zimekwenda wapi?"

Akanitazama kama nimemkanyagia mtoto. Akacheka. Akasema, "Dada yangu, wewe Kigiriki hujui hata salamu." Halafu akamnyooshea kidole kijana wa vyombo: mnyang'anye hiyo maiki. Na kijana akaja akaninyang'anya! Mbele ya mama mkwe wangu!

HATA SALAMU! Mimi! Miaka minne nakesha na kamusi, mume wangu anaijua alfa mpaka omega kwa kunisikia nikiota! Na salamu yenyewe ni ipi? Wagiriki wa leo wakikutana asubuhi wanaambiana "kalimera". Kali ni njema, mera ni hemera imekatwa kichwa. Neno tulilokuwa tunabishania limekaa ndani ya salamu anayodai siijui!

Kwanza Musa hakuandika Kigiriki. Mwanzo ni Kiebrania, neno ni yom. Hemera iliingia pale Wayahudi wa Aleksandria walipotafsiri Torati, karne ya 3 kabla ya Kristo, ile Septuaginta. Na hata humo fungueni Mwanzo 1:5. Mungu anaiita nuru hemera, halafu ikawa jioni ikawa asubuhi, hemera moja. Mstari mmoja, maana mbili! Biblia yetu ya Kiswahili imeandika "Mchana" mwanzoni na "siku moja" mwishoni. Waliotafsiri waliona. Mama mkwe wangu kaona. Asiyeona ni yeye, na maiki anayo yeye.

Tena Kigiriki kina neno la usiku na mchana kwa pamoja, nykthemeron, lipo 2 Wakorintho 11:25, "kuchwa kucha" Paulo akiwa kilindini. Kama hemera ni saa 24 kila mahali, Paulo alibeba neno refu lile la nini? Na 1 Wakorintho 4:3, pale tunaposoma "hukumu ya kibinadamu", Kigiriki kinasema hemera ya kibinadamu, yaani siku ya kusomewa kesi. Hapo ni mahakama! Yote haya nilikuwa nayo kwenye daftari. Sikuyafikia. Maiki ilishakwenda.

"Hata salamu." Jamani.

---

Kigoda Nje: Nimevuta kigoda. Dada, mbona maiki imetajwa kuliko hemera? Kilichokuuma hasa ni kipi?

Mjukuu wa Fundi: Huyo huyo! Kwetu alikuja mwaka juzi akafundisha hemera ni miaka elfu, eti Petro kasema. Petro kaandika "kama", siku moja ni KAMA miaka elfu. Nikapiga hesabu ya Yona tumboni mwa samaki, nikapata miaka 3000, nikafunga daftari nikaenda kula. Leo imeshuka mpaka saa 24? Hiyo ni bei ya nyanya?

Kaunta Kuu: Povu lote hili kwa neno moja. Mke wa mtu anakesha na kamusi, huko nyumbani anapika nani?

Mwanzisha uzi: Anapika mume wangu, na anapika vizuri kuliko mama yako. Mniache. Hilo neno ukilibadilisha mwisho tu linabadilika kazi. Hemeras, ni wakati wa mchana, kama Paulo alivyofanya kazi usiku na mchana, 1 Wathesalonike 2:9. Hemeran, ni muda, siku nzima. Na "siku ya tatu" ya kufufuka ina mwisho wake mwingine. Mtu hajui miisho ya neno anamwambia mwenzake hajui salamu! Na sisi Waswahili ndio tungekuwa wa mwisho kudanganyika. Wale vibarua wa Mathayo 20, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, ndizo saa zetu hizi hizi, zinahesabiwa kuanzia jua linapochomoza. Nilitaka kulisema hilo kwenye maiki.

Babu Maktaba: Mwanangu una haki. Ongeza na hili. Homero, mshairi wa kale wa Kigiriki, mara nyingi anatumia emar, si hemera. Na kwa Hesiodo, mshairi mwenzake, Hemera ni mungu wa kike, binti wa Usiku, na hawakai nyumba moja kamwe. Mmoja akiingia mwingine anatoka, wanasalimiana kizingitini. Hemera ya namna hiyo itakuwaje saa 24?

Mwanzisha uzi: WANASALIMIANA! Babu, ungekuwa wapi saa ile!

Kobe wa Pwani: Bara mna tabu. Kwetu jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa, hakuna semina wala maiki. Waathene wa kale nao siku yao ilianza jua likizama. Mliozoea kubadilisha siku saa sita usiku ndio mnaotuchanganya.

Msafiri Mpole: Msinikumbushe saa. Tiketi imeandikwa 06:00. Mimi nikasoma sita, nikafika stendi saa sita mchana na kuku wangu wawili. Basi limeondoka saa kumi na mbili asubuhi!

Kigoda Nje: Hahaha kuku wakasemaje?

Mjukuu wa Fundi: Mimi kinyume chake. Nimeambiwa kwa simu "saa kumi na mbili", nimeamka usiku, nimelala stendi, kumbe ni ya jioni. Nauli walikurudishia?

Msafiri Mpole: Thubutu! Yule binti wa dirishani kaniambia ningesoma vizuri. NINGESOMA VIZURI! Mbele ya foleni nzima!

Mwanzisha uzi: Wakuu, uzi ni wa hemera. Nani atakuwepo kesho jioni aniulizie lile swali la Yohana 11:9? Maiki bado iko kwake.

Kaunta Kuu: Msafiri, ni basi gani hilo?

Msafiri Mpole: Sitalitaja. Mnalijua.

Kobe wa Pwani: La mapazia ya zambarau? Hao waliniacha Chalinze, nimeshuka kununua machungwa tu.