Kunoa mkasi wa kupogolea kahawa kwa kinoo

Mkulima wa Masaka
Habari zenu, wakulima wenzangu. Nina shamba dogo la robusta huku Masaka, na msimu huu mkasi wangu wa kupogolea unachana gome badala ya kukata. Mara ya mwisho niliupeleka kwa mnoaji wa mashine ya umeme. Makali yakageuka rangi ya buluu, na baada ya siku chache yakawa butu. Sasa nimenunua kinoo chenye upande wa kukwaruza na upande laini. Je, ninoe mabapa yote mawili? Nitumie maji au mafuta? Na panga la migombani linolewe vivyo hivyo?

Fundi wa Jinja
Ndugu, rangi ile ya buluu huonyesha kwamba chuma kilifikia joto la takriban nyuzi 300, ambapo ugumu wake hupungua, kwa hiyo sehemu hiyo haitashika makali mpaka uiondoe yote kwa kinoo na kukifikia chuma kizima.

Katika mkasi ambao mabapa yake hupishana, bapa moja tu ndilo lenye makali, nalo limechongwa mshazari upande mmoja. Lile nene lililopinda kama ndoana hushikilia tawi, na halinolewi. Fungua skrubu, osha utomvu kwa maji ya sabuni, kisha shika kinoo mkononi na kukipitisha juu ya bapa, kwa sababu bapa lililopinda halikai sawasawa juu ya jiwe lililolala. Fuata mshazari uliotoka nao kiwandani. Ukiupaka wino kabla ya kunoa, wino utakaobaki ukingoni utakuonyesha kwamba umelaza kinoo mno.

Anza na upande wa kukwaruza, umalizie na ule laini, hadi kidole kisikie nyuma ya bapa ukwaru mwembamba wa chuma kilichojikunja. Hapo geuza bapa, laza kinoo kabisa na upitishe mara moja au mbili kuuondoa. Tafadhali usikiinue kinoo upande huo, kwani utaacha mwanya kati ya mabapa, na gome litachanika tena.

Maji yanatosha, lakini jiwe likishatiwa mafuta, endelea na mafuta.

Mama wa Mbale
Naongeza kuhusu panga. Likiwa na mapengo, litengeneze kwanza kwa tupa, ukisukuma mbele tu, kisha lipitishie kinoo pande zote mbili. Makali yake yawe manene kuliko ya mkasi, la sivyo yatavunjika kwenye mashina.

Tangu mnyauko wa bakteria wa migomba uliporipotiwa Mukono mwaka 2001, tunahimizwa kusafisha zana tunapohama kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, kwa moto au kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji. Kwa mkasi mimi nachagua klorini, kwa kuwa bapa jembamba likikaa motoni hupatwa na yaleyale yaliyompata ndugu yetu kwenye mashine. Baadaye suuza, kausha na upake mafuta, kwa sababu klorini huleta kutu.

Mkulima wa Masaka
Asanteni sana. Nilikuwa nikinoa hata lile bapa la ndoana, na sasa naona mwanya niliouleta mwenyewe. Leo jioni nimeiondoa kwa kinoo sehemu yote ya buluu, imenichukua karibu saa nzima, na tawi la kwanza limekatika bila nyuzi.

Fundi wa Jinja
Kwa mwanya huo, kaza skrubu kidogo kidogo mpaka mabapa yagusane bila kukwama. Mwanya ukibaki, badilisha lile bapa la ndoana.