Mizania mbili za viwanda vya alizeti: nimpe nani mzigo kwa mkopo?

Alizeti_Kibaigwa

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni mnunuzi wa mazao hapa Kibaigwa, Dodoma, nakusanya mahindi na alizeti kwenye vijiji vya Kongwa na kuvuka kidogo upande wa Kiteto. Msimu huu natarajia alizeti kama tani 40, na viwanda viwili vya kukamua mafuta vinazitaka. Wote wanasema lete mzigo, tutakulipa baada ya siku 60. Kiwanda cha pili kinaongeza shilingi 40 kwa kila kilo juu ya bei ya mwenzake.

Niliwahi kumkopesha mtu mwenye maneno matamu na gari safi. Nusu ya hela nilipata, nusu nyingine naisikia kwenye simu mpaka leo. Safari hii nimewaambia nionyesheni hesabu zenu. Wamenitumia mizania, yaani karatasi ya mali na madeni ya kiwanda, kwa WhatsApp, picha zimepigwa upandeupande lakini zinasomeka. Nimeziandika kwa mamilioni ya shilingi:

KIWANDA A (30 Juni 2024)
Mitambo, majengo na magari 640
Stoku 810
Wadaiwa (wanaodaiwa na kiwanda) 120
Fedha mkononi na benki 30
Jumla ya mali 1,600
Wadai (wanaokidai kiwanda) 280
Mkopo wa benki wa msimu 520
Mkopo wa benki wa muda mrefu 200
Mtaji na faida iliyobakizwa 600

KIWANDA B (31 Desemba 2024)
Mitambo, kiwanja na magari 410
Stoku 90
Wadaiwa 360
Fedha mkononi na benki 40
Jumla ya mali 900
Wadai 310
Mkopo kutoka kwa mkurugenzi 150
Mtaji na akiba 440

Mimi niliishia kidato cha nne. Ninachokiona ni kwamba A ana madeni ya bilioni nzima na B ana milioni 460 tu. Tena B hana hata senti ya benki, na karatasi yake ni ya karibuni. Roho inanipeleka B. Nakosea wapi?

Kijana_wa_CBE

Hujakosea kaka. Gawanya mali za muda mfupi (stoku, wadaiwa na fedha) kwa madeni ya muda mfupi (wadai na mkopo wa msimu). A ni 960 kwa 800, sawa na 1.2. B ni 490 kwa 310, karibu 1.6. Ukitoa stoku, kwa sababu stoku si hela mpaka iuzwe, A anabaki na 150 dhidi ya 800. Huyo anapumua kwa mashine. B ana 400 dhidi ya 310. Darasani tulifundishwa hivyo, na hesabu haidanganyi. Peleka B, chukua na hiyo shilingi 40 yako.

Fundi_Mitambo_Nkuhungu

Mimi sijui mizania. Nenda kiwandani saa nne usiku usikilize kama mashine inalia. Na waulize wapakuaji wa mizigo walilipwa lini mara ya mwisho. Hao hawana noti za chini ya ukurasa.

BibiLeja

Fundi kanichekesha, ila hajasema uongo.

Mwanangu wa Kibaigwa, kabla sijakujibu: hizo picha zina kurasa za maelezo? Natafuta noti ya wadaiwa na noti ya mtaji. Mizania bila noti ni kama nyumba uliyoiona kutoka barabarani.

Alizeti_Kibaigwa

Shikamoo Bibi. Zipo, nilizipita maana maandishi ni madogo. Za B: kwenye wadaiwa 360 wameandika "kampuni mshirika 210, wateja wengine 150". Kwenye mtaji 440 kuna mtaji wa hisa 100, faida iliyobakizwa 160, na "ziada ya uthamini wa kiwanja" 180. Za A: mtaji wa hisa 250, faida iliyobakizwa 350, na mkopo wa msimu umewekewa dhamana ya stoku. Wote wameandikiwa na wakaguzi kuwa hesabu zinaridhisha.

BibiLeja

Marahaba. Sasa tunaweza kuongea. Nimeshika leja za ushirika tangu enzi za kuandika kwa wino wa bluu na kufuta kwa wembe, kwa hiyo nivumilie.

Kabla ya tarakimu yoyote, soma tarehe. Mizania ni picha ya siku moja, na hawa wawili wamepigwa picha misimu tofauti. Juni huku kwetu alizeti ndiyo inaingia. Kiwanda chochote kinachofanya kazi kina ghala limejaa, na ghala hilo halikujaa kwa maombi, limejaa kwa hela ya benki na ya watu kama wewe. Kwa hiyo stoku 810 na deni 800 kwa A ndivyo Juni inavyotakiwa ionekane. Desemba mbegu imekwisha kukamuliwa, ghala limebaki na mashudu na madumu machache. Hiyo stoku 90 ya B nayo ni ya kawaida.

Lakini sasa jiulize: kama B amekamua kila kitu, na ameuza, wadai 310 wanafanya nini kwenye karatasi ya tarehe 31 Desemba? Alizeti imeisha kununuliwa Agosti, tuseme Septemba. Kama sehemu kubwa ya hao ni wauzaji wa mbegu, basi wanadai kwa miezi mitatu mpaka sita, na waliambiwa siku 60 kama unavyoambiwa wewe. Wanaweza kuwa wadai wa vitu vingine, umeme, usafiri, kodi. Muulize. Mwombe orodha ya wadai kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90, na kuendelea. Mhasibu yeyote anayeijua kazi yake anaichapa kwa dakika tano.

Halafu hiyo kampuni mshirika. Mkurugenzi ameikopesha B milioni 150, tukamwona mtu mwema anayeweka hela yake. Kumbe kampuni mshirika imechukua 210. Kama mwenye hiyo kampuni ni huyohuyo, basi mkono mmoja umeweka 150 na mwingine umebeba 210. Ondoa hiyo 210 kwenye mali za muda mfupi, inabaki 280 dhidi ya wadai 310. Ile 1.6 ya kijana wetu imeshuka chini ya moja, na hatujagusa chochote kingine.

Kiwanja nacho. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kila mwenye kiwanja mjini amekuwa tajiri wa karatasi. Kukithamini upya inaruhusiwa, mthamini akipiga muhuri wake ni halali kabisa. Ila ile 180 haijawahi kupita benki. Toa 180 na 210 kwenye mtaji wa 440, unabaki na 50. Milioni 50 ndiyo godoro lililopo chini ya madeni ya 460. Siku ya 60 utamwambia nini, akumegee kona ya kiwanja?

A si malaika pia. Benki imeshika stoku, kwa hiyo mambo yakiharibika benki inakula kwanza, wewe unakuja nyuma. Piga hivi: stoku ikiuzika kwa 810, toa 520 za benki, inabaki 290. Ongeza wadaiwa 120 na fedha 30, una 440 za kulipa wadai 280. Inatosha. Sasa bei ishuke theluthi moja: stoku inakuwa 540, baada ya benki inabaki 20, ukiongeza ile 150 unapata 170. Hapo wadai 280 wanagombana mlangoni. Na bei kushuka si hadithi. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilirusha bei ya mafuta ya kula duniani kote, baadaye ikateremka, na aliyenunua mbegu kileleni akabaki nayo anajua alivyolala.

Tofauti ninayoiona: hatari ya A iko sokoni, unaweza kuifuatilia kila asubuhi. Hatari ya B iko ndani ya familia ya mtu, na huko huna dirisha.

Kijana_wa_CBE

Bibi nimekubali. Tarehe sikuiangalia kabisa. Ila na wewe, mkaguzi si amesema zinaridhisha?

BibiLeja

Mkaguzi amesema tarakimu zimeandikwa inavyotakiwa, na kwa kweli zimeandikwa: 210 imetajwa, 180 imetajwa. Hakusema mkopesheni. Kuisoma noti ni kazi ya mwenye hela.

Kaka wa Kibaigwa, fanya haya. Waombe wote wawili hesabu za siku moja, 30 Aprili mwaka huu, hata kama hazijakaguliwa. Hapo ndipo utalinganisha ghala tupu kwa ghala tupu. A akionyesha kwamba mkopo wa msimu uliopita umelipwa ukaisha, hiyo ni alama kubwa kuliko uwiano wowote. Pia pata taarifa za kampuni zote mbili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni: wakurugenzi ni nani, na kuna rehani gani iliyosajiliwa. Ukikuta jina la mkurugenzi wa B ndilo lililoko kwenye ile kampuni mshirika, huna haja ya kuniandikia tena.

Na ile shilingi 40 kwa kilo, kwa tani 40 ni milioni 1.6. Mtu anayelipa wengine kwa kuchelewa ndiye anayeweza kutaja bei nzuri, kwa kuwa hajapanga kuitoa leo.

Alizeti_Kibaigwa

Nimerudi wakuu. A wametuma za Aprili jana jioni: mkopo wa msimu sifuri, wadai 45, stoku 70, fedha 110. Nimewaomba nusu taslimu wakati wa kupakua na nusu kwa siku 30, wamesema watanijibu Jumatatu.

B nilimpigia mhasibu nikamuuliza umri wa wale wadai 310. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, "Nani anakufundisha maswali haya?" Nikamwambia Bibi yangu. Saa mbili baadaye bosi wake mwenyewe akanipigia, hakuzungumzia orodha. Ameongeza shilingi 20 nyingine kwa kilo.

BibiLeja

Usipakie.