Nakala mpya au iliyotumika ya Tungo Zetu?

Muulizaji, Tudor:
Assalamu alaikum. Ninaandika tasnifu kuhusu arudhi, yaani kanuni za utungaji, ya ushairi wa Kiswahili, na msimamizi wangu amenitaka nirejelee Tungo Zetu ya Ibrahim Noor Shariff, iliyochapishwa na Red Sea Press mwaka 1988. Je, niagize nakala mpya kutoka Marekani, au iliyotumika itanifaa?

Mchangiaji, Kizingo:
Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kwa kitabu cha uhakiki, iliyotumika inatosha mradi kurasa zote zimo. Mistari ya penseli pembezoni haipunguzi hoja, na pengine msomaji aliyetangulia amekuachia darasa la bure. Cha kuogopa hapa pwani ni unyevu. Mwombe muuzaji picha za mgongo wa kitabu, ukurasa wa hakimiliki na kurasa za katikati, kwa kuwa gundi ikishalegea, kurasa huachia moja moja.

Mchangiaji, Likoni:
Naafiki, ila chunguza pia ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Kitabu cha mwaka 1988 huwa na tarakimu 10. Zile 13 zilianza kutumika mwaka 2007, kwa hiyo ukizikuta kwenye ukurasa wa hakimiliki, hiyo ni chapa ya baadaye, na namba za kurasa utakazonukuu huenda zisilingane na za msimamizi wako. Halafu jumlisha gharama ya posta kabla ya kulinganisha bei, maana nakala rahisi kutoka ng'ambo huweza kuishia kuwa ghali kuliko mpya.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nitamuuliza msimamizi kwanza anatumia chapa ipi.